Foleni Ndiyo Iliyotufundisha

Watu wakitaka kusifia chuo huhesabu majengo, idadi ya wanafunzi na ngazi za shahada. Kwa hesabu hiyo Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kimepiga hatua kubwa. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuandaa maofisa ustawi wa serikali. Mwaka 2002 sheria ikarekebishwa, kikawa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na leo kinatoa cheti, stashahada, shahada na masomo ya juu ya hapo. Asiyetaka Kijitonyama anaweza kusoma fani hiyo hiyo Chuo Kikuu Huria, Hubert Kairuki, au Newman kule Kigoma.

Mimi nilipita Kijitonyama nikiwa binti mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nikafanya kazi kwenye ofisi za wilaya na hospitalini hadi nikastaafu, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa napokea wanafunzi wa fildi, wanaokuja kujifunza kwa vitendo. Hata sasa bado nawapokea. Nikiwa upande huo wa meza nimeona jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vya chuo chochote: mtaala ulikuwa unafuata foleni. Shida iliyokaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu mwaka huu, ilifika darasani miaka kadhaa baadaye, ikiwa imevaa jina la somo.

Fani yenyewe haikuanza na chuo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilikuwa na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka vitani, wameona dunia, wengine hawana hamu tena ya jembe. Ikafungua vituo vya ustawi mijini ili wapate pa kukutania na la kufanya. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ni kumbukumbu ya zama zile za vituo. (Serikali haifungui ofisi ya ustawi kwa huruma, huifungua kwa hofu. Nimeitafuta serikali moja ya kunikanusha, bado sijaipata.) Kwa Afrika Mashariki, Makerere ilitutangulia kufundisha kazi hii, mwaka 1963. Sisi tulisubiri miaka kumi. Na kwa kuwa ustawi ulikaa muda mrefu wizara moja na kazi, hata chuo chetu kilikua kikifundisha mambo ya mahusiano kazini pembeni ya ustawi, na baadaye rasilimali watu. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikwambia "nimesoma Ustawi", huwezi kujua kama alijifunza kulea yatima au kusimamia likizo za wafanyakazi.

Tulichofundishwa kilikuwa kizuri, nisije nikaonekana ninakidharau. Njia tatu: kazi na mtu mmoja mmoja, kazi na vikundi, kazi na jamii. Kanuni saba za uhusiano na mteja, ambazo ukiniamsha usiku wa manane nitazitaja zote: usimhukumu, mtunzie siri, mwache aamue mwenyewe, na nyinginezo. Vitabu vilitoka Uingereza na Marekani. Mteja wa kwenye vitabu vile alifika ofisini kwa miadi, akiwa peke yake, akakaa kwenye kiti na kueleza anavyojisikia. Mteja wangu wa kwanza alifika na shangazi yake, mjomba wake, mjumbe wa nyumba kumi na mtoto mgongoni, na aliyeongea muda wote alikuwa shangazi. Yeye mwenyewe aliitikia tu, "Ndiyo hivyo, Mama." Nikakaa pale najiuliza, katika hawa wote, siri ninamtunzia nani?

Shule yangu ya pili ilikuwa siku ya matunzo. Aliyewahi kufanya kazi ofisi ya ustawi wilayani anaijua siku hiyo. Akina mama wanafika mapema, wanapanga foleni barazani. Akina baba wanachelewa, wanasimama mbali kidogo, chini ya mti, kama vile wamekuja kwa shughuli nyingine. Kuna daftari kubwa la jalada gumu. Baba analeta fedha mezani, nazihesabu mbele yake, anasaini. Mama anaitwa, anahesabu, anasaini au anabonyeza kidole. Asiyeleta anaandikiwa barua ya wito.

Sasa sheria iliyokuwepo kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ilikuwa ile iliyoachwa na Waingereza, na ilikuwa imeweka ukomo wa matunzo: shilingi 100 kwa mwezi. Labda siku ilipotungwa hiyo ilikuwa fedha ya maana. Shilingi ikashuka thamani, bei zikapanda, sheria ikabaki palepale. Walikuwepo wanaume walioijua vizuri kuliko mimi. Mmoja alikuja na suruali iliyopigwa pasi ikanyooka kama rula, akaweka mia yake mezani, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, sheria si inasema mia?" Inasema. Nifanye nini?

Wazee wa kazi walionitangulia ndio walionionyesha njia. Unaacha kumwita yeye, unamwandikia mama yake. Siku ya pili anafika bibi mmoja na kanga mbili na hasira, anamtazama mjukuu usoni, anayaona masikio ya ukoo wake, basi. Kijana aliyekuwa ananisomea sheria ananyamaza. Makubaliano yanaandikwa kwa kiasi kinachomtosha mtoto, na bibi ndiye anayekuwa mdhamini. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma, wala halikuwa na nguvu ya mahakama, lakini limesomesha watoto. Sheria ile ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hesabu mwenyewe, tangu Uhuru, tumeishi nayo miaka mingapi.

Wanafunzi wa fildi waliokaa nami siku za matunzo walikuwa wanaandika haya kwenye ripoti zao, na walimu waliokuja kuwakagua walikuwa wanasoma, wanauliza, wanaondoka na mifano. Taratibu nikaanza kupokea wanafunzi wanaofika wakiwa tayari wanajua kwamba katika familia zetu mteja ni ukoo mzima. Sikumbuki mtu yeyote akitangaza mabadiliko hayo.

Kisha ikaja Julai 1993, serikali ikaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa hospitali. Mpaka hapo ofisi ya ustawi hospitalini ilikuwa kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwa na ndugu, mtoto aliyetelekezwa wodini, na barua za kwenda makao ya wazee. Ghafla ikawa mlango wa msamaha. Asiyeweza kulipa analetwa kwangu, mimi ndiye wa kusema kweli hana, au anaigiza. Hakuna kitu kilichowahi kunitenga na watu kama mamlaka yale ya kalamu. Nikipita sokoni naamkiwa kwa unyenyekevu nisioupenda.

Wanafunzi ndio waliopata tabu zaidi, kwa sababu kijana ana imani na macho yake. Miaka kadhaa baadaye, simu za mkononi zilipokuwa zimeanza kuenea, nilikuwa na kijana mmoja makini, anaandika vizuri. Akaingia mama mmoja ambaye mumewe alivunjika nyonga. Kijana akaninong'oneza, "Mama, huyu ana simu, na kitenge chake kipya. Hastahili." Nikamwambia, haya, mwanangu, muulize. Kitenge kilikuwa cha jirani, kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda hospitali kubwa na nguo ya shambani. Simu ilikuwa ya mwenye nyumba, amempa ili daktari akiita apatikane. Yeye mwenyewe hakujua hata kuipokea.

Ndipo nikamfundisha swali ambalo nilikuwa nimelipata kwa kuungua vidole: mmeuza nini tangu mgonjwa alipoanza kuumwa? Ukimuuliza mtu kipato chake utapata jibu la aibu, au la ujanja, au la heshima. Ukimuuliza ameuza nini, anakutajia kwa mpangilio: kuku kwanza, kisha debe za mahindi, kisha baiskeli, kisha bati zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya nyumba. Mpangilio huo unakwambia umbali uliobaki kabla familia haijafika kwenye shamba. Mama yule alikuwa ameshafika kwenye bati. Kijana aliandika msamaha kwa mkono wake na akaliweka swali lile kwenye ripoti yake ya fildi. Siku hizi wengi wanaokuja hospitalini wamekwisha kusoma ustawi wa hospitali darasani, wanakuja na fomu za tathmini zilizotengenezwa vizuri. Mimi bado nikiiona fomu nageuza kwanza nyuma, natazama kama pana nafasi ya kuandika walichouza.

Ukimwi ulitukuta hivyo hivyo. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, wakati kizazi chetu ndicho kilikuwa kikiingia kazini. Ilipofika miaka ya 1990, kila wilaya ilikuwa na nyumba zinazoongozwa na bibi wa miaka sabini au na mtoto wa miaka kumi na minne, na ofisa ustawi ukimkuta yupo, yupo mmoja, bila usafiri. Kwa ualimu wa kawaida wa chuo, wa kutoa maofisa wachache kila mwaka, tusingewafikia watoto wale hata kwa karne nzima.

Mwaka 2006 taasisi ya Kijitonyama ikaingia ushirikiano na chuo cha ustawi wa jamii cha Jane Addams, kilicho chini ya University of Illinois at Chicago, na matunda yake makubwa yalikuwa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii: watu wa kijijini na mtaani, wa kujitolea, wanaofundishwa siku chache, wanarudi kwao kufanya kazi chini ya usimamizi kwa miezi, kisha wanaitwa tena kuongezewa. Maofisa wenzangu wengi walinuna. Tumesota miaka mitatu darasani, leo mkulima apewe cheti kwa wiki mbili aitwe mwenzetu? Mimi sikuwa upande wao, na mpaka leo nasema wazi kwamba hakuna jambo bora lililofanywa na shule zetu za ustawi kuliko lile.

Sababu yangu nitaieleza kwa kisa kimoja. Katika mafunzo ya namna hiyo niliyoalikwa kusaidia, mwezeshaji aliuliza: utamjuaje mtoto anayenyanyapaliwa ndani ya nyumba anamolelewa? Sisi wenye vyeti tulikuwa na orodha: uzito, mahudhurio shuleni, mavazi, kujitenga. Akasimama baba mmoja mfupi, mvuvi, akasema: "Nenda saa ya kula. Mtoto wa kufikia ndiye anayetumwa chumvi wakati sinia limeshawekwa." Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua nyumba moja ya namna hiyo. Akirudi na chumvi, sinia limekwisha. Hakuna aliyempiga wala kumnyima. Ukiwauliza watakwambia anakula na wenzake, na ni kweli, anakula nao.

Huyo mama ambaye kile chuo cha Chicago kimepewa jina lake, Jane Addams, alifungua nyumba ya Hull House mwaka 1889 na kuhamia humo akae jirani na wahamiaji maskini aliotaka kuwasaidia. Mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka mvuvi yule. Kwake hapakuwa na haja ya kuhamia popote.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja, kazi ikabadilika tena, na safari hii kwa kasi. Ofisa ustawi akawa mtu wa mahakama kuliko zamani. Mwaka huo huo ukafanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yalipotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sisi wa kwenye benchi hatukushtuka sana, lakini kuna tofauti kati ya kujua na kuwa na karatasi ya kuonyesha. Baada ya hapo tukaona madawati ya jinsia na watoto polisi yanaongezeka, vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, ambako aliyetendewa ukatili anapata huduma zote mahali pamoja, namba 116 ya kupiga kwa ajili ya mtoto, kisha MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake hadi ngazi ya mtaa na kijiji.

Kwa wanafunzi, jipya kubwa lilikuwa ile taarifa ya uchunguzi wa kijamii anayoletewa hakimu kabla ya kuamua kuhusu mtoto aliyekinzana na sheria. Nilikuwa na binti mmoja wa mwaka wa tatu, mzuri sana darasani, akaandika taarifa ya kijana wa miaka kumi na tano aliyekamatwa usiku na simu ya wizi. Aliandika kwamba kijana "anatoka katika familia duni yenye malezi hafifu". Nikaipitia mezani kwangu mara ya kwanza, nikamrudishia. Duni ndiyo nini? Hafifu, nani amepima? Hakimu akisoma hivyo atampeleka shule ya maadilisho, Irambo kule Mbeya, na atakuwa amefuata maneno yako.

Akarudi mtaani, safari hii usiku. Alichokuja nacho kilikuwa hiki: mama anauza samaki wa kukaanga kituo cha daladala mpaka saa tano. Mwenye nyumba anafunga geti saa nne na ufunguo ni mmoja, anao mama. Kijana anakaa nje kati ya saa nne na saa tano kila siku, kwenye kijiwe cha bodaboda, na humo ndimo simu ilimopitia. Hakuandika tena duni wala hafifu. Akaandika saa, geti na ufunguo, na akapendekeza mwenye nyumba aombwe ufunguo wa pili, akiwa amekwisha kuzungumza naye na amekubali. Kijana alirudishwa nyumbani chini ya uangalizi. Ningekuwa na uwezo ningeifanya taarifa ile isomwe na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika kila chuo.

Tatizo ni kwamba taarifa ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuirudisha mezani, na watu hao wanapungua huku wanafunzi wakiongezeka. Sasa hivi msimu wa fildi ukifika napigiwa simu na vijana kutoka vyuo nisivyovijua. Wengine mwalimu wao atawakagua kwa simu tu, ananiuliza, "Mama, anaendeleaje?" na mimi ninajibu, "Anaendelea," tumemaliza. Wapo wanaokuja wiki ya mwisho kutafuta muhuri. Nauli ni yao, chumba ni chao, na bumu, ile fedha yao ya mkopo, likichelewa wanashinda njaa kwenye ofisi ambayo kazi yake ni kusaidia wenye njaa. Siwalaumu. Ninayemlaumu ni yule anayeidhinisha udahili bila kuhesabu wasimamizi. Darasa unaweza kulipanua kwa kuongeza viti na kipaza sauti, lakini ofisi ya ustawi ya wilaya ina meza mbili na benchi moja.

Na wakimaliza, ajira hakuna za kuwatosha, wakati kata zinazohitaji ofisa ustawi ziko tele. Kona ya mtaa wetu kuna wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, binti mwenye shahada ya ustawi wa jamii. Kibanda chake kina dirisha dogo na stuli moja nje, na ile stuli haikai tupu. Matunzo ya watoto siku hizi yanakuja kwa simu. Daftari langu la jalada gumu limekufa, ushahidi ni meseji. Yeye anajua baba gani anatuma kila tarehe mosi na yupi anatuma halafu anapiga simu kudai irudishwe, amekosea namba. Akina mama wakishatoa pesa hawaondoki mara moja. Wanakaa kwenye stuli. Anawasikiliza, anawaambia lini inatosha kuvumilia na lini waende kwa ofisa ustawi, na barua za maombi anawaandikia bure.

Wanafunzi wangu wa mwaka huu nilitaka waanzie pale kwake, wiki ya kwanza, kabla hawajaiona ofisi ya serikali. Alikataa mpaka tukakubaliana masharti: hawagusi simu yake, hawaulizi jina la mteja, na akisema tokeni, wanatoka. Chuo chao kikauliza ni taasisi gani hiyo, na fomu ya tathmini itasainiwa na nani, maana msimamizi lazima awe na shahada ya fani.

Nikawajibu kwamba anayo. Atasaini yeye.